Aliyeshika Kamba ya Samsoni

Mwalimu alikuwa akisalimia kila mtu, na hii ni London. Akipanda basi alimsalimia dereva, akamsalimia aliyekaa mbele yake, akamsalimia na mama aliyezama kwenye simu. Kwenye lifti ya jengo letu kule Hayes, siku ambazo lifti ilikubali kufanya kazi, alisubiri mlango ufungwe ili watu wasiwe na pa kukimbilia, kisha akawatakia asubuhi njema kwa Kiingereza chake cha darasani, kila neno na mwisho wake. Watu walitazama viatu vyao. Wengine walimpa lile tabasamu la huku, la midomo iliyobanwa, ambalo yeye aliliita tabasamu la kwaheri.

"Leo ameniitikia mmoja tu," aliniambia siku moja akivua koti mlangoni pangu. "Naye amelewa."

Ameshafariki. Tuliomzika tulikuwa wachache, na mchungaji aliyeletwa, ambaye hakuwahi kumwona akiwa hai, alisema alikuwa mama mwenye upendo na subira. Subira hakuwa nayo hata chembe. Upendo alikuwa nao, lakini hakujua pa kuuweka. Ndiyo maana nataka kumsema alivyokuwa.

Tulikaa mlango kwa mlango, ghorofa ya tatu, kwa miaka mingi. Mimi natoka Tanga; yeye alikuwa Mtaita, mtu wa Kenya, pande za Voi. Nilipohamia pale na binti yangu nilimwamkia kama nilivyolelewa: "Shikamoo." Akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Kwetu hatuna hiyo," akasema.

Kesho yake nikapita nikamwambia habari za asubuhi. Akaniita nirudi. "Na ile ya jana iko wapi?"

Tangu hapo hakuniachia. Nikitoka kazini, kwenye maghala yaliyo karibu na uwanja wa ndege, macho yamevimba kwa shifti ya usiku, niliukuta mlango wake wazi naye ameketi kwenye kiti kinachotazama korido, anangoja shikamoo yake. Marahaba aliyonijibu ilikuwa ndefu. Aliivuta kama mtu anayekunywa chai ya kwanza.

Kwao alifundisha shule ya msingi. London hakuwahi kusimama mbele ya darasa. Alipakua chakula kwenye jiko la shule moja mpaka alipostaafu. Lakini sisi wachache tuliozungumza Kiswahili pale mtaani tulimwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa mwalimu hata akiwa ameshika upawa. Mtoto aliyepita na trei bila kusema tafadhali alirudishwa mwisho wa foleni. Kuna mtoto aliyerudishwa na kurudishwa tena mpaka chakula chake kikapoa, na mkuu wa shule akamwita Mwalimu ofisini.

"Nikamwambia," alinisimulia kwa fahari, "mtoto huyu leo atakula chakula baridi, lakini atajua kusema na watu maisha yake yote."

Akapewa onyo. Yule mtoto hakumtazama tena usoni mpaka alipomaliza shule. Sehemu hiyo ya kisa aliisema kwa sauti ya chini, akiwa ameshageukia sinki.

Ungetaka kuujua ugumu wake, ungemtembelea. Alikuwa na hamu ya wageni kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, na hakuna mtu aliyewafukuza wageni vizuri kuliko yeye. Kina mama wa kanisa la Wakenya walikuja wakati mmoja na chapati na nyimbo. Akawasahihisha Kiswahili chao, akawaambia wanaimba kama watu wanaoburuta meza, na ilipofika saa aliyojipangia moyoni akapiga meza kwa kiganja: "Kalamu chini!" Walidhani ni mzaha. Alikuwa amekwisha kuwafungulia mlango. Hawakurudi, na kwa majuma kadhaa akaniuliza kila Jumamosi kama nimewasikia wakipanda ngazi.

Alikuwa na mdogo wake wa kike kule Stratford, upande wa pili wa mji. Hawakuwa wakisemeshana tangu mazishi ya mama yao. Kila mmoja alisema mwenzake ndiye aliyechelewa kusafiri. Mwalimu aliwahi kupanda treni hadi Stratford, akatembea mpaka kwenye mlango wa mdogo wake, akageuka akarudi. "Nilitaka tu kuona kama bado anakaa pale," alisema.

Na mbwa alikuwa akiwaogopa. Kwao, mbwa ni wa nje, wa kubweka. Anayemruhusu avuke kizingiti amechanganyikiwa. Akimwona mbwa njiani, hata kijibwa cha kubebwa kwapani, alisimama ukutani mpaka kipite. Kwa hiyo siku aliponiambia anataka mbwa nilidhani sikusikia.

"Mbwa?"

"Mbwa. Mdogo, wa kubebeka."

"Mwalimu, wewe unaogopa mbwa."

"Naogopa. Lakini nisikilize." Akasogeza kiti. "Leo nimekaa kwenye benchi kule kando ya mfereji wa boti tangu asubuhi. Nimesalimia watu, kimya. Halafu akatokea mwanamke na kijibwa chake, na mwanamume na kijibwa chake. Hawajuani hata kidogo. Wakasimama! Wakaulizana anaitwa nani, ana umri gani, tumbo lake limepona? Tumbo la mbwa! Mwanangu, mimi nimekaa nchi hii miaka yote hii, hakuna aliyewahi kuniuliza habari za tumbo langu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mashirika yanayookoa mbwa walioachwa yalimkataa moja baada ya jingine. Anakaa flati, hana bustani, umri umekwenda, hajawahi kufuga. Vijibwa vidogo vilichukuliwa kabla hajamaliza kutaja jina lake kwenye simu. Mwishowe shirika moja dogo likamwambia yuko mmoja, ila ni mkubwa, ana nguvu, na familia zilizomchukua zimemrudisha. Kwa sasa analelewa nyumbani kwa mama mmoja wa kujitolea, Tooting. Aende amwone tu.

Tulikwenda pamoja, treni na basi na basi jingine. Yule mlezi alikuwa Mhindi aliyezaliwa Kisumu na kuondoka akiwa msichana. Alipotusikia tukinong'onezana mlangoni akapiga makofi.

"Nyinyi watu ya nyumbani! Ingia, ingia. Lakini chunga, huyu iko na nguvu sana."

Mbwa alikuja mbio kutoka jikoni, akateleza kwenye vigae, akagonga meza, bilauri ikaanguka ikapasuka. Alikuwa na rangi ya majivu, kichwa kama ndoo, na mkia uliokuwa ukipiga kuta zote mbili za korido. Mwalimu alijibana mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani. Kisha, kwa sauti ya darasa la pili, akasema:

"Kaa chini!"

Mbwa akakaa.

Mama wa Tooting akacheka mpaka akashika ubavu. "Mimi naongea na yeye Kiswahili kila siku," akasema. "Hapana mtu mwingine. Mzee wangu alikufa, na watoto najibu Kingereza."

"Anaitwa nani?" Mwalimu akauliza.

"Samson."

"Samsoni," akasahihisha.

Mbwa aliinuka taratibu, akaja, akaegemeza kile kichwa kwenye paja lake. Mwalimu alibaki ameinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Sidhani kama kuna mtu aliyekuwa amemgusa kwa miaka. Mkono mmoja ukashuka, polepole, ukatua katikati ya masikio.

"Ni mkubwa mno, Mwalimu," nilimwambia kwenye basi. "Atakuangusha."

"Wanamrudisha kama shati lililobana," akasema, akitazama dirishani. "Kiumbe hai."

Shirika lilisita sana. Mtu alikuja kukagua flati, akapima balkoni kwa macho, akauliza nani atamtembeza mbwa Mwalimu akiumwa. Nikasema mimi, siku zangu za mapumziko, na nilifanya hivyo. Mama wa Tooting naye alimpigania kwenye simu, kwa sababu hakuwa amewahi kumwona Samsoni akimtii mtu yeyote kwa neno moja. Basi wakamleta.

Alikula mkono wa kochi. Aliangusha pazia pamoja na fimbo yake. Alibwekea ndege zinazotua, na Hayes ndege hupita juu ya paa kutwa nzima, kwa hiyo jirani wa chini alikuwa akigonga dari kwa ufagio. Mwalimu, aliyekuwa akinawa mikono hata akishika sarafu, alimpikia ugali na maini huku yeye mwenyewe anakula mkate mkavu. Alimsomea gazeti. Kupitia ukutani nilimsikia akimweleza habari za bunge, akinyamaza kumpa nafasi ya kujibu, kisha akiendelea. Alisema Samsoni analala jikoni, kabisa, haruhusiwi kuvuka. Nilipomsaidia kukunja shuka zake nilikuta zimejaa manyoya ya kijivu mpaka kwenye mto. Tukazikunja.

Lakini watu hawakuja. Hilo ndilo sikujua nimwambieje. Alichukua mbwa ili asimamishwe njiani, na sasa watu walivuka barabara wakimwona. Kina mama waliwanyanyua watoto. Vijana wa kwenye ngazi walipisha haraka. Lifti ikifunguka, waliokuwa ndani walisema watangoja nyingine. Samsoni hakuwahi kumuuma mtu. Kosa lake lilikuwa furaha: alimrukia kila aliyemwona, kwa uzito wake wote, kama ndugu aliyetoka safari.

Mtu mmoja tu alisimama, mzee wa Kiingereza aliyekuwa akipita kwenye mfereji na mbwa wake kilema. Mwalimu alinipa habari hiyo macho yakimng'aa. Akaanza kutoka saa ileile kila asubuhi, akijipaka mafuta usoni. Baada ya muda nikamuuliza rafiki yake hajambo.

"Humsalimia Samsoni," akasema. "Humuuliza Samsoni amelalaje. Mimi hajui jina langu."

"Mwambie."

"Nimemwambia, na kesho yake nimemwambia tena." Alikuwa anamkuna mbwa chini ya kidevu. "Kwao mimi ni mtu wa kushika kamba."

Alilisema bila uchungu, kama anayesoma matokeo ya mtihani wa mtoto wa mwingine.

Nilimwona na furaha kamili mara moja. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ukungu umelala kwenye uwanja ulio ng'ambo ya mfereji, na sisi wawili tu. Akamfungua Samsoni kamba, jambo alilokatazwa. Mbwa akaondoka kama risasi, akazunguka uwanja, akapotea kwenye ukungu, akachomoza upande mwingine, ulimi nje, akazunguka tena. Mwalimu akacheka kwa sauti, mkono umefunika mdomo kwa sababu ya meno yaliyong'oka.

"Mtazame!" akasema. "Hana hata pa kwenda, na anakimbia hivyo!"

Machi ndipo alipoanguka. Alikuwa na tabia ya kuizungusha kamba kwenye kifundo cha mkono. Mama wa Tooting alimkanya, mimi nilimkanya. Alisema akimponyoka watamkamata, na wakimkamata hawatamrudisha. Asubuhi hiyo bata bukini alipaa ghafla kutoka ukingoni mwa mfereji, Samsoni akamrukia, na Mwalimu akaburutwa kwenye njia ya changarawe mpaka kamba ilipotoka mkononi. Nyonga ilivunjika, na kifundo cha mkono pia.

Yaliyofuata alinieleza mwenyewe hospitalini. Samsoni hakukimbia. Alimwacha yule bata, akarudi, akasimama juu yake, miguu miwili huku na miwili kule, akaanza kunguruma, yeye ambaye hakuwa amewahi kumngurumia mtu. Watu wakasimama. Wenye baiskeli wakashuka, waliokuwa wakikimbia wakaacha kukimbia. Ambulensi ikaja, na wahudumu wake nao wakasimama mbali na machela yao. Hakuna aliyethubutu kusogea.

"Watu wote wale, mwanangu," Mwalimu aliniambia, macho kwenye dari. "Wote wananitazama mimi. Na baridi ile."

"Ukamwambia akae?"

"Nilimwambia akae, akakaa. Akakaa juu yangu. Nikamwambia ondoka. Sikuwa nimemfundisha ondoka. Sikuona kama nitaihitaji. Basi nikampiga. Usoni, kwa huu mkono mzima. Nikampiga tena na tena mpaka akarudi nyuma, ndipo yule mzee akamshika."

Hakulia aliposimulia. Aliomba maji, nikamshikia kikombe.

Mdogo wake alikuja kutoka Stratford siku ileile hospitali ilipompigia simu. Nilikuwa nimemjenga kichwani kuwa mtu mbaya, nikamkuta mama mchovu aliyevaa sare ya kazi, amekalia ukingo wa kiti, anavisugua vidole vya dada yake ili vipate joto. Miaka yote ile ya kununiana iliisha bila neno hata moja, na ingenifurahisha, isipokuwa Mwalimu alikuwa amelewa dawa na hakujua ni nani aliyemshika. Daktari alisema hatatembea tena peke yake. Mdogo wake akatoka nami koridoni.

"Atakwenda nyumba ya wazee," akasema. "Mbwa arudi alikotoka. Au wewe unaweza kumchukua?"

Sikuweza. Binti yangu ana pumu; zile siku chache Samsoni alizolala kwetu, mtoto alizimaliza akiwa na kipulizio mdomoni. Nikampeleka Tooting mimi mwenyewe. Kwenye treni alilala juu ya miguu yangu na kila mlango ulipofunguka aliinua kichwa kuwatazama wanaoingia, kisha akakilaza tena. Mama wa Tooting alitufungulia mlango. Akapiga goti koridoni palepale alipokuwa amekaa Samsoni siku ya kwanza, akamshika masikio. "Umerudi, baba," akamwambia.

Juma lililofuata nilipita kwenye mfereji nikakutana na yule mzee na mbwa wake kilema. Akanitambua. Akaniuliza Samsoni yuko wapi. Nikamweleza: mwenye mbwa amevunjika nyonga, yuko hospitali, hatarudi nyumbani. Alisikitika kweli, macho yakamlowa. "Maskini mbwa," akasema, akaenda zake.

Flati ilisafishwa, wakaingia watu wengine. Nyumba ya wazee haikuwa mbali, na nilikwenda kila nilipopata nafasi. Walimtunza vizuri, siwezi kusema vingine. Lakini mifupa haikushika sawa, na alianza kupungua, uso ukabaki macho na mashavu. Mdogo wake alikuja Jumapili. Walikaa wakitazama televisheni, na wakati mwingine waligombana juu ya nani alichelewa kwenye mazishi, lakini kwa uvivu, kama watu wanaokumbushana wimbo.

Habari za Samsoni hakuuliza. Mimi ndiye niliyezileta. Ilikuwa vuli, majani yameanza kuanguka, na Mama wa Tooting alikuwa amenitumia picha kwenye simu: familia moja ya nje kabisa ya London imemchukua, na safari hii hawajamrudisha. Nilidhani itampoza. Nikavuta kiti karibu na kitanda, nikamshikia simu mbele ya macho.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, Mwalimu."

Aliitazama muda mrefu. Akaweka kidole kwenye kioo kutafuta uso, picha ikakimbia, nikamrudishia.

"Amenenepa," akasema.

"Ana shamba zima la kukimbilia. Na watoto wa kucheza nao."

"Wanampa maini?"

"Sijui."

"Bado wanamwita Samsoni?"

Nilifikiri kumdanganya. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho yaleyale ya kusahihisha, na sikuweza.

"Wamembadilisha jina. Wanamwita Tedi."

"Tedi." Alilisema polepole, akilipima, kama anayesoma jina la mwanafunzi mgeni. "Tedi. Na akiitwa hivyo, anaitika?"

Mama wa Tooting alikuwa ameniambia hilo pia. Alikuwa ameitika tangu siku ya kwanza.

"Anaitika, Mwalimu."

Akakiondoa kidole kwenye kioo, akaurudisha mkono chini ya blanketi.

"Basi usiniletee tena picha yake," akasema.

Nikaitia simu mkobani. Msichana wa chakula akaingia na supu, akamfunga kitambaa shingoni, akapuliza kijiko. Mwalimu akafungua mdomo.